Mapambo ya maboga huku Ohio: jinsi ya kuyafikisha Novemba bila kuoza

Jamani naandika hii kwa wenzangu mnaoingia Marekani, hasa majimbo ya baridi kama huku Ohio ninakoishi mimi, maana kuanzia mwezi wa 9 kila kibaraza mtaani kinajaa maboga na watoto wakirudi shule wanauliza ya kwetu yako wapi. Ukiangalia unaona kitu rahisi, unaenda supamaketi, unabeba maboga, unayapanga mlangoni, imeisha hiyo. Mwaka wangu wa kwanza ndivyo ilivyokuwa, na Halloween, ile sikukuu ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na watu kuchonga sura kwenye maboga, ambayo ni tarehe 31 Oktoba, ilinikuta nimeshatupa karibu yote, hela imeenda, kibaraza kinanuka na binti yangu analia. Sasa hivi ya kwangu yanakaa nje tangu mwisho wa Septemba mpaka Thanksgiving, sikukuu yao ya kutoa shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba, na baada ya hapo yanaingia jikoni tunakula. Nitaeleza yote pamoja na hela zilivyotoka.

Cha kwanza kuelewa, boga likishatoka shambani kuoza ni lazima, ila kuna linalooza ndani ya wiki na kuna linalokaa miezi miwili mitatu. Tofauti inatokana na aina yake, ganda limekomaa kiasi gani, kikonyo kipo au kimekatika, na unyevu pale linapokaa. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo hapo.

Mwaka ule nilinunua wiki ya kwanza ya Septemba kwenye yale maboksi makubwa yanayopangwa nje ya maduka, dola 6 au 7 kila moja, nikachagua makubwa ya rangi ya chungwa kwa sababu ndiyo yanavutia macho. Nikaongeza maua ya krisanthemu, marobota ya majani makavu ya ngano, fungu la mabua ya mahindi la kufunga kwenye nguzo, rangi na vifaa vya kuchongea. Ukijumlisha ilifika kama dola 140, na ile hela ilikuwa na kazi zake, sehemu ilikuwa ya kutuma nyumbani na sehemu ya matairi ya theluji, kwahiyo iliniuma kweli.

Mtoto alitaka sura, tukachonga siku hiyo hiyo. Sasa huku Columbus, mji mkuu wa Ohio, mwanzoni mwa Septemba bado kuna joto, mchana nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi ni kawaida. Baada ya siku chache nafunua kifuniko nakuta ndani kumeota ukungu mweusi na mweupe wenye manyoya, macho yamejikunja kuelekea ndani, mdomo umelegea, vijinzi vidogo vinapaa. Nikasema nilihamishe nyuma ya nyumba, nikalishika kikonyo, kikonyo kikabaki mkononi kwangu na boga limebaki pale pale chini. Kulisukuma kwa koleo, kitako kikang'ang'ania kwenye saruji, maji ya kahawia yanayonuka kama pombe iliyochacha yakashuka ngazi moja baada ya nyingine. Lile doa nililiona kwenye saruji mpaka theluji ilipolifunika.

Aliyenisaidia ni bibi mmoja jirani, Mzungu, amekulia kwenye familia ya wakulima huku huku Ohio. Alikuja na brashi yake na jiki tukasugua wote, na wakati tunasugua akanipa darasa ambalo nimelitumia hadi leo. Alisema usinunue boga ambalo hujalipindua ukaona kitako chake, usilibebe kwa kikonyo hata siku moja, na usitie kisu mpaka Halloween iwe imebakiza siku mbili tatu. Mengine niliyapata kwa kuuliza uliza mashambani, wakulima wa huku ukiwauliza kwa heshima wanaeleza vizuri sana hawana shida.

Lakini kilichobadilisha kabisa utaratibu wangu ni mama. Nilikuwa naongea nae kwa video, yeye yuko Korogwe, nikawa namwonyesha mtaa wetu ulivyopambwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo maboga yote wanayauza?" Nikamwambia hapana mama, ni mapambo tu, yatakaa pale mpaka msimu uishe. Akakaa kimya halafu akasema, "Chakula chote hicho kioze nje na watu wapo?" Sikuwa na jibu. Nimekua nakula boga la kuchemsha na chai asubuhi, majirani zetu Waislamu mwezi wa Ramadhani wanapika la nazi kwa ajili ya futari, majani yake ndio mboga ya kila siku na mbegu tulikuwa tunakaanga tunatafuna. Halafu mimi huyo huyo nimetoka kuzoa maboga kwa koleo natia kwenye mfuko wa takataka. Lile swali lilinikaa moyoni wiki nzima.

Toka hapo nikajiwekea sheria zangu: boga la pambo liwe la kulika, nisilitoboe, nisilipake rangi, likimaliza kazi kibarazani liingie ndani tupike. La kuchonga linakuwa moja tu la mtoto. Na nilichokuja kugundua ni kwamba boga zima ndilo linalodumu, kwahiyo kuheshimu chakula na kupunguza gharama vikaja pamoja.

Sasa aina. Yale makubwa ya chungwa ya kuchonga, kama yale ya Howden, yalizalishwa kwa ajili ya umbo na kikonyo kirefu kilichonyooka, nyama yake ina nyuzi na maji mengi, kula unaweza ila utamu hakuna. Hata boga la kopo ambalo Wamarekani wanatengenezea pai sehemu kubwa halitokani na hayo, wanatumia aina inaitwa Dickinson ambayo ganda lake ni la kahawia hafifu, na inalimwa sana jimbo la Illinois. Mimi nanunua Jarrahdale, lile la rangi ya kijivu inayoelekea bluu, asili yake Australia, nyama nzito na tamu, hili kwangu ndilo namba moja, bovu ni nadra. Kuna Long Island Cheese, bapa, rangi ya krimu iliyoiva, nalo ni tamu na linakaa. Kuna la Kifaransa Rouge Vif d'Etampes, jekundu kali, bapa na mifereji mirefu, huku wengi wanaliita Cinderella, utamu wake wa wastani ila kwa supu linafaa sana. Kuna Musquée de Provence linaloanza kijani likizidi kukaa linageuka kahawia, na kuna Lumina jeupe. Ongeza na yale madogo ya pai ya chungwa. Ukiyaweka pamoja hayo una kijivu, nyeupe, nyekundu, krimu na chungwa bila kugusa brashi ya rangi, na watu wanapita wanauliza umepaka rangi gani.

Bei ya haya ni kubwa kidogo, mimi nimekuwa nikilipa dola 10 hadi 15 moja, wakati la kuchonga unapata kwa 6. Usiogope hiyo tofauti. Jarrahdale moja la kilo nne tano linatupa milo mingi, ukigawa unaona ni chakula cha bei nzuri ambacho kilikupambia nyumba bure kwa miezi miwili.

Kama uko maeneo ya Columbus na hujui uanzie wapi, nenda Circleville, ni kusini mwa hapa, nusu saa na ushee kwa gari. Wana sherehe ya maboga tangu mwaka 1903, inaanza Jumatano ya tatu ya Oktoba inakwenda siku nne, kuingia bure, na hata tenki la maji la mji limepakwa rangi na umbo la boga. Kule utaona kila aina imepangwa, utayaona yale majitu yanayopimwa kwenye mizani ya viwandani, na utajifunza majina kwa macho yako. Kununua lakini mimi nanunua shambani moja kwa moja na naenda siku za kazi, maana wikiendi mashamba mengi yana kiingilio kwa ajili ya trekta na michezo ya watoto, unajikuta umelipia familia nzima kabla hujagusa boga.

Ukifika usichague kwa mbali. Lipindue kwanza uangalie kitako, bonyeza kwa dole gumba pale katikati palipokuwa na ua, pakibonyea liache hata kama wanakuuzia nusu bei. Kandamiza kucha kwenye ganda, kucha ikizama bado halijakomaa. Kikonyo kiwe kikavu, kigumu, kirefu kama vidole vinne hivi, boga lililonyofoka kikonyo limebaki na kidonda na bakteria wanapita hapo hapo. Angalia michubuko, na yale yaliyo chini kabisa ya boksi dukani yaache, yamebanwa na yamelalia unyevu. Kulibeba ni mikono miwili chini ya kitako, kwenye gari weka blanketi yasigongane njiani.

Ukishayaleta nyumbani usiyapange nje siku hiyo hiyo. Hii hatua wengi hawaijui na ndiyo inayobeba kila kitu: yanatakiwa yakae kama siku 10 sehemu yenye joto la nyuzi 27 hadi 29 na hewa inayozunguka ili ganda likaze na mikwaruzo midogo ijifunge. Muulize mkulima kwanza, mashamba mengine wameshafanya wenyewe. Mimi natumia gereji, mwezi wa 9 bado ina joto la kutosha mchana, nayapanga juu ya mbao yasigusane, nawasha feni ndogo, kila baada ya siku mbili nayageuza. Kabla ya hapo nayafuta udongo kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo halafu nayakausha vizuri, hasa kwenye shina la kikonyo ambako maji yanajificha. Wengi wanatumia jiki, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, inafanya kazi kweli, ila kwa boga nitakalolipika siki inanipa amani zaidi. Yakimaliza hapo yanapenda ubaridi mkavu, nyuzi 10 hadi 13, ambayo ndiyo hali ya hewa ya Oktoba yenyewe huku. Usiyaweke jirani na matofaa, tofaa likiiva linatoa gesi inayoharakisha boga kuharibika, na watu wengi wanapenda kuvipanga pamoja kwenye kapu.

Kupanga sasa, hapa ndipo raha ilipo. Saruji ni adui, inatunza unyevu na kitako kinaanza kuoza wewe unaangalia juu tu panapong'aa. Weka ubao, kreti la mbao lililogeuzwa, kadibodi, au robota la majani makavu, chochote kinachoruhusu hewa ipite chini. Kama kibaraza kina paa kaa ndani ya paa. Haya maboga bapa yana kibonde pale juu na mvua ikituama humo siku mbili unakuta kikonyo kimeanza kulainika, ukiona maji yamekaa yakaushe na kitambaa. Maua ya krisanthemu yanahitaji maji mengi karibu kila siku, na mwanzo nilikuwa nayaweka katikati ya maboga yanapendeza sana kwenye picha, kila ukimwagilia maji yanarukia maboga yanatiririka mpaka chini yake. Tenganisha, maua upande mmoja wa ngazi maboga upande mwingine, au yaweke maua chini na maboga juu.

Ule mnara wa maboga matatu yaliyopandana unawezekana bila kutoboa kitu. Utaona wengine wanapitisha fimbo katikati lisimame imara, fimbo inaingia na uozo unaifuata ndani. Chagua bapa matatu ya saizi inayopungua, kati ya moja na jingine weka kata ya kamba ya katani au majani makavu, kama ile kata wanayoweka kichwani kina mama wakibeba ndoo, linakaa pale na upepo halianguki. Shida ni vikonyo tu, boga la chini likiwa na kikonyo kirefu haliwezi kubeba, kwahiyo la chini na la kati tafuta yenye kikonyo kifupi kilichozama kwenye kibonde. Usikate kikonyo ili litoshe. Nimekaa shambani muda mrefu nikipanganisha maboga pale pale chini mpaka yakae sawa, mkulima ananiangalia tu, na ilifaa maana nyumbani hakukuwa na kuhangaika.

Kindi nao wapo. Huku kindi ni wengi na wanapenda mbegu, wakishapata tundu dogo wanachimba mpaka ndani, asubuhi unakuta boga lina pango na maganda ya mbegu yamezagaa mlangoni. Kwangu kilichosaidia ni pilipili ya unga, naichanganya na maji nanyunyizia, mvua ikinyesha narudia, na kabla ya kupika naliosha vizuri. Na boga zima lenye ganda gumu hawalisumbui kama lililochongwa, harufu ya nyama mbichi ndiyo inawaita.

Halafu baridi. Huku kati kati ya Ohio kuanzia kati kati ya Oktoba usiku unaweza kushuka mpaka sifuri, asubuhi umande umeganda kwenye nyasi. Boga likiganda halafu jua likalipiga linayeyuka linakuwa tepetepe na hapo hakuna dawa, la kula hilo basi tena. Angalia utabiri kwenye simu kila jioni, ikionyesha chini ya nyuzi 1 au 2 funika kwa shuka nene au ingiza ndani. Mimi naingiza yote gereji usiku huo, binti yangu anabeba madogo mimi makubwa, tumeshazoea.

La mtoto sasa. Tunalinunua wiki ya mwisho ya Oktoba na kulichonga siku mbili kabla. Usikate kifuniko juu kuzunguka kikonyo, kata kitakoni au nyuma, kwa namna hiyo lile paa lake linabaki imara haliporomoki, na taa unaiweka chini unalifunika juu yake tu. Kama lazima ukate juu, laza kisu kiingie kwa mshazari kuelekea katikati ili kifuniko kisitumbukie. Kazi kubwa ni kukwangua, chukua kijiko kikubwa cha chuma ukwangue mpaka nyuzi zote zitoke na ukuta ubaki unene wa kama sentimita mbili na nusu, pale utasikia sauti ya kijiko inabadilika, mwanzo ni ya kitu kinachoteleza teleza mwishoni inakuwa kavu ya kukwaruza, hapo umefika. Nyuzi zikibaki ndio ukungu unaanzia. Visu vya jikoni weka mbali na watoto, vile visumeno vidogo vya plastiki na chuma vinauzwa kama dola 5 seti na vinakata vizuri kuliko kisu, mkono hauteleziki. Watoto wadogo kabisa wape maka peni na stika wafanye yao.

Ukimaliza lifute ndani kwa maji yenye jiki kidogo, acha likauke kabisa, paka mafuta ya mgando kwenye kingo zote ulizokata. Usiku lifunge kwenye mfuko wa plastiki liingie kwenye friji kama linaenea. Likianza kusinyaa lizamishe kwenye ndoo ya maji ya baridi kwa saa kadhaa linarudi. Hata ukifanya yote haya hesabu siku tatu mpaka saba, kukiwa na joto ni pungufu. Na tafadhali sana mishumaa ya moto achaneni nayo, una majani makavu ya ngano hapo, mabua ya mahindi, na watoto wanapita na magauni marefu ya Halloween yanaburuza. Mishumaa ya betri unapata kwa dola moja moja.

Kupaka rangi sijakataza, ila kwa yale madogo kabisa ya kiganjani ambayo hatutayala. Ganda la boga lina nta ya asili, ukipaka juu juu rangi inabanduka vipande vipande. Lioshe kwa maji ya sabuni, likauke usiku kucha, pitisha msasa laini kidogo, paka praima, ile rangi ya msingi, ndio rangi ya akriliki tabaka nyembamba nyembamba. Pia kuna pambo ambalo halihitaji kutoboa na ninalipenda mno: unagundisha juu ya boga yale majani laini ya kijani yanayoota kwenye magogo, maduka ya ufundi yanayauza yamekaushwa kwenye mfuko, halafu juu yake unagundisha vipande vya mimea ile ya jangwani yenye majani manene. Unanyunyizia maji kidogo mara moja kwa wiki, linafika Thanksgiving, na boga likichoka mimea imeshatoa mizizi unaihamishia kwenye chungu.

Kanisani kwetu, ni kanisa la watu wa Afrika Mashariki, niliombwa kupamba ukumbi kwa ibada ya mavuno. Hapo palitokea mjadala maana kuna wazee hawataki kusikia neno Halloween, na mimi nawaelewa, wengine tumelelewa hivyo. Nikawaeleza taratibu kwamba kuchonga sura kulikuja na wahamiaji wa Ireland na Uskoti, kwao walikuwa wanachonga tanipu, mboga fulani ya mizizi, walipofika huku wakakuta boga ni kubwa na laini zaidi. Boga lenyewe ni zao la bara hili tangu zamani, mbegu zilizokutwa pangoni Oaxaca, Meksiko zinakadiriwa kuwa na miaka kama 10,000, na wenyeji wa asili walikuwa wanalima mahindi, maharage na maboga shamba moja. Mzee mmoja akacheka akasema si ndivyo bibi yangu alivyokuwa analima Iringa. Basi tukakubaliana hakuna sura, maboga mazima, mabua ya mahindi na mahindi ya rangi rangi. Na kusema ukweli hilo linasaidia hata nyumbani, pambo lisilo na sura linafaa kuanzia Septemba mpaka Thanksgiving bila kubadilisha kitu.

Ila kwa meza nilitengeneza maboga madogo ya pai kama chombo cha maua, nikayakata na kuyasafisha Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumapili, nikamimina maji moja kwa moja ndani. Ukumbi uliwashwa hita Jumamosi yote. Jumapili asubuhi nafika saa moja nakuta vitambaa vyeupe vya kukodi vina miduara ya njano chini ya kila boga na ile harufu imeanza. Nilihisi jasho linanitoka, watu wanaanza kuingia saa tatu. Tukatoa vitambaa na wifi yangu, tukageuza, tukaweka sahani chini ya yale yaliyokuwa bado mazima, na kampuni ya vitambaa nikalipa dola 45 za kusafisha. Kwahiyo kama unapamba sherehe, iwe harusi au kichen pati, boga la maua likatwe asubuhi ya siku yenyewe, ndani weka glasi au mtungi ndio maji yaingie humo, chini sahani. Na mwambie mwenye ukumbi hita wasiwashe usiku.

Kitu kingine ambacho wengi hawakioni kwenye yale makapu ya mapambo ni vibuyu. Vile vya ganda gumu ni jamii ile ile ya vibuyu vyetu, asili yake ni Afrika, na ukivikausha havina mwisho. Nilivinunua shambani vibichi, nikavitundika gereji baridi nzima. Vinaota ukungu nje, vinatisha, usitupe, ndivyo vinavyokauka, inaweza kuchukua hata miezi sita kwa vikubwa. Ukitikisa ukasikia mbegu zinacheza ndani vimekauka, loweka kidogo, sugua ule ukungu kwa waya wa kusugulia sufuria, pitisha msasa na vanishi. Ukikata au kusugua vaa barakoa, ule vumbi wake unabana kifua. Mimi vyangu nimevichoma michoro kwa chuma cha moto jinsi bibi alivyokuwa anapamba kibuyu chake cha mtindi, na ndilo pambo pekee ambalo kila mwaka silinunui tena.

Gharama yangu kwa sasa ni kama dola 60 hadi 70 kwa msimu, karibu yote ni maboga ya kula. Mabua tunapewa bure na mkulima akishavuna, krisanthemu nachukua vyungu viwili badala ya sita, robota moja tu kwa dola 8 na likiisha msimu nalitandaza bustanini kuzuia magugu, ingawa linaweza kuota ngano kidogo.

Thanksgiving ikipita naingiza yote ndani nakagua moja moja. Lililo gumu pande zote na halikuguswa na barafu nalihifadhi sehemu ya baridi isiyoganda, Jarrahdale zimenifikisha mpaka Januari. Lenye doa laini nalipika siku hiyo hiyo nikikata sehemu mbovu kwa upana, na likiwa limeingia ndani sana linaenda mbolea. Lililochongwa, lililopakwa rangi, lililonyunyiziwa vanishi hilo si chakula, na la rangi usilitie hata kwenye mbolea wala kumpa mbuzi. Ukiwa na mengi yaliyo safi uliza wafugaji wa karibu, nguruwe, mbuzi na kuku wanayala na wengi wanayapokea kwa furaha, usiyatupe porini.

Namna ninavyolipika: menya, kata vipande vya saizi ya yai, chemsha na maji kidogo na chumvi, yakikaribia kuiva mimina tui zito, iliki iliyopondwa na sukari kidogo, usikoroge koroge maana yatavurugika, tikisa sufuria tu. Mbegu nazo usitupe hata za lile la mtoto siku mnapochonga, osha, kausha, zikaange na chumvi kwenye kikaango kikavu. Mama nilimpigia video tukiwa mezani akaliona la kijivu kabla sijalikata, akauliza hilo nalo ni boga kweli, nikalipasua akaona nyama ya chungwa akaanza kunielekeza niongeze tui.

Na tarehe 1 Novemba pitia madukani na mashambani mapema. Halloween imeisha, wanataka nafasi ya miti ya Krismasi, maboga mazuri kabisa ya Jarrahdale na Long Island Cheese yanauzwa dola 2 au 3, sehemu nyingine wanakwambia beba tu. Mimi siku hiyo ndio nanunua ya kula baridi nzima, napindua, nabonyeza kitako, naangalia kikonyo, najaza buti.